Injini mgongoni: Historia ya gari la michezo lililotamba katika jangwa la Qatar

Mnamo mwaka 1984 dereva wa Qatar, Saeed Al-Hajri, alishinda mashindano makubwa ya magari nchini mwake kwa gari ambalo wahandisi wengi waliliona limejengwa kinyumenyume. Makala hii inaitazama historia ya uzito na mahali pake ndani ya magari ya mwendo wa kasi, kuanzia viwanda vya Ujerumani, kupitia matope ya Safari Rally ya Afrika Mashariki, hadi changarawe za Doha.

Ndani ya Souq Waqif, soko kongwe la mji wa Doha, wapo mahamali wazee wavaao vizibao vya rangi ya damu ya mzee, kila mmoja na toroli lake la gurudumu moja. Ukimtazama hamali mzoefu anavyopakia, utaona kwamba hatupi mizigo ovyo. Gunia la mchele hulitanguliza mbele, karibu na gurudumu, na vitu vyepesi huviweka upande wa mishikio. Akikosea akauacha mzigo wote nyuma, mikono yake ndiyo itakayoubeba. Akiuegemeza upande mmoja, toroli litalala chini kwenye kona ya kwanza.

Ng'ambo ya barabara ya Corniche yametia nanga majahazi ya mbao. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyosafiri kwa karne nyingi kati ya Ghuba na pwani ya Waswahili, vikishuka na kaskazi na kurejea na kusi, vikipakia boriti za mikoko huko Lamu na Rufiji. Manahodha wake walijua kwamba chombo kitupu hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga ngamani, ili kisipinduke. Walijua pia kuwa shehena ikizidi omo chombo huchimba mawimbi, na ikizidi tezi chombo hakiusikii usukani ipasavyo.

Kwa hiyo, msikilizaji, swali la mahali pa kuweka uzito ni la kale, na watu wa Ghuba na wa pwani ya Afrika Mashariki walilijibu zamani kabla injini haijabuniwa. Lililo jipya ni kasi. Gari la michezo linapoingia kwenye kona kwa kilomita 150 kwa saa, kosa ambalo kwa hamali ni gunia kumwagika, kwa dereva huwa ni suala la uhai.

Kanuni isiyobadilika

Gari hugusa ardhi mahali panne tu, na kila tairi hugusa kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Kuongeza mwendo, kupiga breki na kukata kona, yote hutegemea viganja hivyo vinne. Kadiri uzito unavyolikandamiza tairi, ndivyo linavyoshika ardhi zaidi, ingawa mshiko hauongezeki kwa kiwango kilekile cha uzito. Tairi lililoelemewa kupita kiasi huchoka mapema.

Uzito wenyewe nao hautulii. Dereva akikanyaga mafuta, mzigo husogea nyuma. Akikanyaga breki, husogea mbele. Akikata kona kwenda kulia, mzigo hulemea matairi ya kushoto. Abiria aliyesimama ndani ya daladala au matatu anaijua kanuni hii kwa magoti yake.

Kuna jambo la pili. Uzito uliokusanyika katikati ya gari hulifanya ligeuke kwa wepesi na litulie kwa wepesi. Uzito uliowekwa mwishoni hulifanya lifanane na nyundo. Kuanza kuizungusha nyundo kwahitaji nguvu, lakini ikishaanza kuzunguka, kuisimamisha nako kwahitaji nguvu. Wahandisi wote waliowahi kubuni magari ya mbio wamehangaika na nyundo hiyo.

Kukokota au kusukuma

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 karibu magari yote ya mbio yaliwekwa injini mbele ya dereva. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Auto Union ya Ujerumani ilikwenda kinyume. Ofisi ya mhandisi Ferdinand Porsche iliibunia gari lenye injini ya silinda 16 nyuma ya mgongo wa dereva. Gari hilo lilikuwa na nguvu za kutisha, na nyuma yake ilikuwa nyepesi kuponyoka kwenye kona. Miongoni mwa wachache waliolimudu ni Bernd Rosemeyer, kijana aliyetokea kwenye mbio za pikipiki. Januari 1938 Rosemeyer alifariki dunia akijaribu kuvunja rekodi ya kasi katika barabara kuu ya Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wazo hilo lilifufuliwa na kampuni ndogo ya Uingereza, Cooper. Mwaka 1958 Stirling Moss alishinda mashindano ya Argentina kwa gari la Cooper lenye injini nyuma ya dereva, na Jack Brabham wa Australia akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na tena 1960. Husimuliwa kwamba Enzo Ferrari wa Italia alishikilia kuwa ng'ombe hukokota mkokoteni, hausukumi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ferrari naye alikuwa ameihamisha injini. Tangu hapo magari ya Formula 1 yamekuwa na injini katikati, yaani nyuma ya dereva lakini mbele ya ekseli ya nyuma.

Gari moja la michezo halikufuata njia ya Ferrari wala ya Cooper. Mwaka 1963, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Porsche ilionyesha gari jipya lililokuja kuitwa 911. Injini yake ya silinda sita ilining'inia nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma. Huo ulikuwa urithi wa Volkswagen ndogo ya umbo la kobe, ambayo pia ilikuwa kazi ya Ferdinand Porsche. Katika 911, takriban asilimia 60 ya uzito wote ilikaa juu ya magurudumu ya nyuma.

Vipande vya chuma ndani ya bampa

Wanunuzi wa kwanza waligundua haraka tabia ya gari hilo. Likienda mbele kwa nguvu lilishika barabara kama kupe. Lakini dereva aliyeingia kwenye kona kwa kasi, akashtuka na kuondoa mguu kwenye mafuta, alijikuta matatani. Uzito ulisogea mbele ghafla, matairi ya nyuma yakapoteza mshiko, na nyundo ikaanza kuzunguka. Sehemu ya nyuma ya gari ilitaka kuwa ya mbele. Wengi walikwenda nje ya barabara wakitangulia kinyumenyume.

Dawa ya kwanza ya Porsche ingemfurahisha nahodha yeyote wa jahazi. Wahandisi waliweka vipande vya chuma, kila kimoja cha kilo 11, kwenye pembe mbili za bampa la mbele. Kwa maneno mengine, walilitia gari la michezo farumi. Ilikuwa ni aibu kwa kampuni iliyojivunia wepesi, lakini ilisaidia.

Dawa ya kudumu ilikuja na magari ya mwaka 1969. Magurudumu ya nyuma yalirudishwa nyuma kwa milimita 57 huku injini ikibaki ilipokuwa, na umbali kati ya ekseli mbili ukaongezeka kutoka milimita 2,211 hadi 2,268. Badala ya betri moja ziliwekwa betri mbili ndogo, moja kila upande wa mbele. Ni mabadiliko yasiyofika upana wa vidole vinne, lakini yaliokoa jina la gari, na pengine maisha ya watu pia.

Mtihani wa Safari

Wakati wahandisi wa Stuttgart wakipima milimita, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa zikitoa mtihani wa aina nyingine. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Huko injini ya nyuma ilionyesha faida yake mapema. Volkswagen ya umbo la kobe ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Katika matope ya masika gari lenye uzito juu ya magurudumu yanayosukuma hutoka, pale ambapo lenye injini mbele na nyuma nyepesi huzungusha matairi bure.

Ilitarajiwa basi kwamba 911, yenye injini palepale na nguvu maradufu, ingetawala. Haikuwa hivyo. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili kwa Porsche, nyuma ya Hannu Mikkola wa Finland aliyeendesha Ford Escort. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden naye alikuwa wa pili, akishindwa na Joginder Singh, Mkenya aliyeendesha Mitsubishi Lancer ndogo. Mwaka 1978 Porsche ilirudi na magari mawili yaliyonyanyuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Mdogo wa Kenya akawa wa pili, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 yake.

Mara tatu wa pili. Gari la michezo lililopata ushindi katika miaka hiyo lilikuwa Datsun 240Z ya Japani, lenye boneti ndefu na injini mbele, ambayo ilisogezwa nyuma kiasi hata uzito ukakaribia kugawanyika nusu kwa nusu. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwaka 1973 baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Sweden.

Funzo lake halikuwa kwamba 911 haikuwa na kasi. Safari ilikuwa ni maelfu ya kilomita za mashimo, na kila gari liliporuka na kutua, uzito wa nyuma ulikuja na kishindo juu ya springi na vyuma vilevile vya nyuma. Uzito uliolisaidia gari kutoka matopeni ndio huohuo ulioliadhibu kwenye mashimo. Mzigo hauna upendeleo. Hulipa na hudai.

Doha, mwaka 1984

Qatar ni nchi tambarare. Haina milima kama ya Kenya wala udongo mwekundu unaogeuka utelezi mvua inaponyesha. Njia zake za jangwani ni za mawe na changarawe juu ya ardhi ngumu, na mchanga uliopeperushwa na upepo. Gari huweza kwenda kwa kasi kubwa kwa muda mrefu, kisha likakutana ghafla na kona isiyo na alama yoyote.

Mwaka 1984 ndipo ulipoanzishwa ubingwa wa mbio za magari wa Mashariki ya Kati. Mwaka huohuo Mwingereza David Richards, aliyekuwa msoma ramani wa bingwa wa dunia wa mwaka 1981, Ari Vatanen, alianzisha kampuni iitwayo Prodrive. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandaa Porsche 911 kwa udhamini wa kampuni ya sigara ya Rothmans. Magari hayo yaliitwa 911 SC RS, na Porsche ilitengeneza takriban 20 tu, yakiwa yamepunguzwa uzito na yenye injini ya lita tatu inayotoa nguvu za farasi zipatazo 250.

Mashindano ya kwanza ya Prodrive yalikuwa ya Qatar, na dereva alikuwa mwenyeji, Saeed Al-Hajri, akiwa na msoma ramani wake Mwingereza, John Spiller. Al-Hajri alishinda. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa bingwa wa kwanza wa Mashariki ya Kati, na mwaka 1985 akautetea ubingwa huo kwa gari la aina hiyohiyo.

Kwa nini gari lililokuwa likiwatia hofu madereva kwenye lami likawa rafiki wa Al-Hajri jangwani? Jibu limo katika ile nyundo. Kwenye lami kavu dereva hataki gari liteleze, na 911 ilipoteleza ilimshtukiza. Kwenye changarawe gari litateleza tu, atake asitake. Dereva hodari basi hulitangulia. Kabla ya kona huondoa mguu kwenye mafuta makusudi, au hugusa breki, na nyundo ikaanza kuzunguka pale anapotaka yeye. Gari hugeuka na kutazama njia ya kutokea. Hapo hukanyaga mafuta, uzito ukarudi nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, na gari likachomoka kama mshale. Kile kilichoitwa kasoro kilikuwa ni chombo cha kazi kilichokosa fundi wake.

Kulikuwa na faida nyingine. Injini ya 911 ya wakati huo ilipozwa kwa hewa na mafuta, haikuhitaji rejeta ya maji puani mwa gari, mahali ambapo jiwe moja lingeweza kumaliza safari. Nayo ardhi tambarare ya Qatar, pamoja na ukali wa mawe yake, haikuwa na mashimo ya Safari yaliyoviponda vyuma vya nyuma siku nne mfululizo.

Gharama ya kasi

Haitakuwa haki kuisimulia historia hii kama hadithi ya ushindi mtupu. Wakati Al-Hajri akishinda Ghuba, gari jingine la Rothmans liliendeshwa katika ubingwa wa Ulaya na kijana wa Finland, Henri Toivonen. Baadaye Toivonen alihamia Lancia, ambako alipewa gari la Delta S4. Hilo lilikuwa na injini katikati na nguvu kwenye magurudumu yote manne, kama vitabu vya uhandisi vinavyotaka. Mwezi Mei 1986, katika kisiwa cha Corsica, gari hilo liliacha barabara, likatumbukia bondeni na kushika moto. Toivonen na msoma ramani wake, Sergio Cresto, walipoteza maisha. Chanzo cha ajali hakikujulikana kamwe. Wakuu wa mchezo huo waliamua kwamba magari ya kundi hilo, lililojulikana kama Kundi B, yasishindanie tena ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1987.

Uwiano mzuri wa uzito humpa dereva nafasi ya kurekebisha kosa. Haumpi ruhusa ya kutokosea. Gari lililosawazika sana huenda kwa kasi kubwa zaidi kabla halijaanza kuteleza, na likishateleza, huwa tayari liko kwenye kasi ambayo binadamu hana muda wa kuijibu. Nyundo ya 911 angalau ilimwonya mwenye nayo mapema.

Miaka 40 baadaye

Doha ya leo si ile ya mwaka 1984. Kaskazini mwa mji upo uwanja wa mbio wa Lusail, uliofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya pikipiki, na ambao mwaka 2021 ulipokea kwa mara ya kwanza mbio za Formula 1. Mwezi Machi 2024 uwanja huo uliandaa mashindano ya masafa ya kilomita 1,812. Porsche 963, gari lenye injini katikati, lilimaliza la kwanza. Katika daraja la magari yanayotokana na yale ya barabarani, ushindi ulikwenda kwa 911, na injini yake ilikuwa palepale ilipokuwa mwaka 1963, nyuma ya ekseli.

Yafaa kukumbuka kwamba Porsche wenyewe waliwahi kusalimu amri. Mwaka 2017 gari lao la mbio la 911 RSR liligeuzwa, injini ikaletwa mbele ya ekseli ya nyuma. Mabishano ya Frankfurt yamedumu zaidi ya nusu karne, na bado hayajapata hukumu ya mwisho.

Nao uhusiano wa Qatar na Prodrive haukukatika. Nasser Al-Attiyah, mzaliwa wa Doha, aliyeshinda mashindano ya Dakar mwaka 2011, 2015, 2019, 2022 na 2023, aliingia Dakar ya mwaka 2024 na gari lililoundwa na Prodrive. Zilikuwa zimetimia takriban miaka 40 tangu Mqatari mwingine aipe kampuni hiyo ushindi wake wa kwanza, katika jangwa lilelile la nyumbani kwao.

Na ile 911 iliyoshindwa mara tatu kwenye Safari? Mwaka 2011, katika mashindano ya Safari ya magari ya zamani yanayopita Kenya na Tanzania, Björn Waldegård, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alishinda kwa Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea ramani. Deni la mwaka 1974 lilikuwa limelipwa. Waldegård alifariki dunia mwaka 2014.

Waswahili wa pwani wana usemi: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata chombo kizunguke vipi, mambo huamuliwa na kilichomo ndani yake na mahali kilipowekwa. Hamali wa Souq Waqif hajawahi kuulizwa maoni yake kuhusu magari ya michezo. Lakini kila asubuhi, anapolitanguliza gunia la mchele juu ya gurudumu, huwa anatoa jibu lake.